Wiki sita za kumuuguza Bosi

Agosti 2023 nyumbani kwetu Kashaulili kulikuwa na ratiba moja tu iliyoheshimiwa na kila mtu: ratiba ya kukojoa. Saa kumi na mbili asubuhi, saa sita mchana, saa kumi na mbili jioni, na saa tano usiku kabla ya kulala. Si ya mtoto mchanga, jamani. Ya mbwa.

Najua wapo watakaofungua ukurasa unaofuata hapo hapo. Kwetu mbwa anakaa nje, analinda, anakula ugali wa jana, basi. Sijaja kubishana na mtu kuhusu hilo. Lakini kama unaishi na mwenzako na mmewahi kuuguza kiumbe chochote chini ya paa moja, nadhani tutaelewana.

Bosi nilimpata Dar kabla sijaolewa. Mama yake alikuwa Dachshund, wale mbwa wa Kijerumani wenye mgongo mrefu na miguu kama ya kigoda. Baba yake ni mbwa wa mtaani ambaye hakuacha anwani. Nilipoolewa Bosi alikuja nami kama sehemu ya mizigo, na mume wangu alipohamishiwa kikazi Mpanda tukahama wote watatu. Kazi yangu ya uhariri naweza kuifanya popote penye umeme na intaneti, kwa hiyo sikuwa na sababu ya kubaki mjini kama mjane.

Kwa wasioijua, Mpanda ndiyo makao makuu ya Mkoa wa Katavi, uliozaliwa mwaka 2012 ulipomegwa kutoka Rukwa. Reli inayotoka Kaliua inaishia hapo, nayo ilijengwa enzi za mkoloni kwa sababu ya madini ya risasi. Watu wanakuja kwa mpunga, kwa dhahabu, wengine kwa viboko wa Hifadhi ya Katavi. Sijasikia aliyekuja kutafuta tiba ya mgongo wa mbwa.

Ilianza Jumamosi. Bosi aliruka kutoka barazani kama alivyoruka kila siku ya maisha yake, akatoa mlio ambao sijawahi kuusikia, kisha akasimama kimya mgongo umejikunja. Jioni alikuwa anatembea kama mlevi. Jumapili asubuhi miguu ya nyuma ilikuwa imekufa kabisa, anajikokota kwa ile ya mbele na mkia unafagia sakafu.

Mtaani habari zilisambaa kabla ya chai. Mbwa anayeyumba na kuanguka, wengi akilini mwao lina jina moja: kichaa. Na siwalaumu, kwa sababu ugonjwa huo unaua kweli, na ipo aina yake inayoleta kupooza badala ya ukali. Jirani mmoja alisimama kwenye uzio akiwa na fimbo ndefu, akaniambia kwa upole kabisa, "Dada, huyo mmalizeni tu kabla hajang'ata mtoto." Nikamwonyesha kadi ya chanjo. Akaisoma mbele na nyuma, lakini fimbo hakuiweka chini.

Daktari wa mifugo alifika mchana na pikipiki. Wateja wake wengi wana pembe, aliniambia hivyo mwenyewe, ila alipopiga magoti kwenye kapeti letu nikajua tumepata mtu. Kwanza aliangalia kama Bosi anameza vizuri, kama taya halijalegea, kama anatokwa mate. Akala, akanywa maji, akalamba mkono. Hata hivyo tukaambiwa tumtenge na kumwangalia kwa siku 10, maana mbwa aliyeanza kuonyesha dalili za kichaa kwa kawaida hamalizi muda huo. Hilo lilimtuliza hata jirani.

Kisha akafanya jambo lililonikaa kichwani. Alichukua koleo dogo akabana kidole cha mguu wa nyuma, kwa nguvu. Mguu ukajivuta kidogo. Nikafurahi! Akanikata: mguu kujivuta si kitu, hilo linaweza kufanywa na uti wa mgongo peke yake bila ubongo kupata habari. Akabana tena, zaidi. Safari hii Bosi aligeuza kichwa, akamtazama, akanguruma. "Hiyo ndiyo niliyokuwa naitafuta," akasema. Maumivu yamefika kichwani, kwa hiyo waya haujakatika wote.

Maelezo yake nayaeleza kwa lugha yangu. Kati ya pingili na pingili ya uti wa mgongo kuna diski, kama kitumbua: nje ni ngumu, ndani ni laini. Diski ndiyo inayopokea mishtuko unaporuka au kujikunja. Kwa mbwa wa jamii ya Bosi ule ulaini wa ndani unakauka na kuwa mgumu kama chokaa wakiwa bado vijana. Siku moja diski inapasuka, kilichomo kinarukia juu na kuugonga uti wenyewe wenye mishipa ya fahamu. Daktari wa wanyama wa Sweden, Hans-Jörgen Hansen, alizieleza aina mbili za kuharibika kwa diski hizi mwanzoni mwa miaka ya 1950, na hadi leo madaktari wanazitaja kwa jina lake. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha California kule Davis walionyesha chanzo: nakala ya ziada ya jeni moja, ileile inayochangia kuwapa miguu mifupi. Yaani kile tunachokiona kizuri ndicho kinachowavunja. Kati ya Dachshund watano, karibu mmoja hupatwa na tatizo hili maishani, mara nyingi akiwa na miaka kati ya mitatu na saba. Bosi alikuwa na mitano.

X-ray ya kawaida haiionyeshi diski yenyewe, na vile vipimo vikubwa vinavyoionyesha si vya kumpeleka mbwa ukiwa Mpanda. Nilituma video kwa daktari mwingine Morogoro, mji wa Chuo Kikuu cha Sokoine ambako madaktari wetu wengi wa mifugo husomea. Tukapiga hesabu: barabara ya kilomita kama elfu moja, na mgonjwa ambaye dawa yake ya kwanza ni kutotikiswa. Wote wawili wakasema kitu kimoja. Angekuwa amepoteza hisia ya maumivu, tungekuwa tunazungumzia upasuaji wa haraka, tena bila uhakika. Maadamu anahisi, nafasi ya kupona kwa kupumzika ipo na ni nzuri. Lakini kupumzika kwenyewe ni kwa kifungo, si chini ya wiki nne.

Kifungo kweli. Nilikwenda kwa fundi seremala nikamwomba boksi lenye nafasi ya mbwa kusimama, kugeuka na kulala, basi, asiweze kuruka wala kukimbia. Fundi akauliza ni la kuku wangapi. Nikamweleza. Akanyamaza, akapima, akauliza tena kama mlango wa kutolea mayai nauhitaji.

Dawa alizoandika daktari zilikuwa za kupunguza uvimbe na maumivu, kwa kipimo cha uzito wake, baada ya chakula. Hapa naomba msomaji mwenye mbwa anisikilize. Kuna muuza dawa aliyetaka kuniongezea diclofenac "za haraka". Hizo dawa zetu za maumivu, diclofenac na ibuprofen, zinaweza kumtoboa mbwa tumbo na kumharibu figo. Na dawa za jamii hiyo hazichanganywi na dawa za steroidi, hata kama kila moja peke yake imeandikwa na daktari. Kitu kingine: maumivu yakipungua mbwa anajiona mzima, anataka kuruka, na hapo ndipo diski inapomaliza kazi iliyoianza. Ndiyo maana boksi ni muhimu kuliko vidonge.

Sasa turudi kwenye mkojo. Mbwa aliyepooza nyuma mara nyingi hawezi kukojoa mwenyewe. Kibofu kinajaa, kinafurika kidogo kidogo, unadhani anakojoa kumbe wapi. Kikiachwa kinatanuka kupita kiasi na kuleta maambukizi. Inabidi kikamuliwe kwa mkono, mara tatu au nne kwa siku. Daktari alituonyesha: unaweka viganja pande mbili za tumbo karibu na miguu ya nyuma, unatafuta kitu kama embe lililoiva, unakibana polepole bila kukurupuka. Mimi nilitetemeka. Mume wangu, mhasibu wa watu, mwenye mashati ya kupigwa pasi na mfanyakazi wa ofisi nzuri, alikunja mikono ya shati akafanikiwa mara ya kwanza. Sijawahi kumpenda kama dakika ile, na sitanii.

Lakini usidhani ilikuwa fungate. Usiku wa nne, Bosi amelia kwenye boksi tangu saa mbili, mume wangu alikaa kitandani gizani akasema, "Hivi tunamtesa kwa ajili ya nani? Yake au yako?" Nikamjibu vibaya. Akanijibu vibaya zaidi. Kila mtu akageukia ukuta wake. Asubuhi akiwa anafunga viatu akasema hajasema tumuue, amesema tuwe na mwisho. Na alikuwa na hoja. Tukakubaliana siku 14. Ikifika siku hiyo hakuna chochote kinachosogea, au akipoteza hisia kabla ya hapo, tutamwomba daktari amlaze kwa sindano, si kwa fimbo ya mtu. Tukaandika tarehe kwenye karatasi tukaibandika mlangoni mwa friji. Kila nilipokwenda kuchukua maziwa niliisoma.

Katikati ya hayo mama mkwe akaja kutoka Sumbawanga. Nilikuwa sakafuni, mikono kwenye tumbo la mbwa, beseni pembeni. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Akaitikia, akaangalia boksi, akaangalia mashuka yaliyoanikwa, akasema, "Kumbe huyu ndiye mjukuu niliyeambiwa nisubiri."

Tuna miaka minne ya ndoa, mpenzi msomaji. Wanaojua wanajua. Nilikwenda jikoni nikawasha jiko ambalo tayari lilikuwa linawaka.

Mume wangu alizungumza naye barazani kwa muda mrefu, sikusikia walichosema na sikuuliza. Ninachojua ni kwamba kesho yake asubuhi, nilipokuwa nahangaika kumtoa Bosi nje bila kumpinda mgongo, mama alitoka na kitenge chake. Akakikunja mara mbili, akakipitisha chini ya tumbo la mbwa, akanipa ncha mbili nizishike juu kama mpini wa kikapu. "Ukimbeba mgonjwa wa kiuno, hushiki mikono, unashika kiuno," akasema. Alimuuguza baba mkwe miaka miwili baada ya kiharusi. Daktari alipokiona kile kitenge akasema ndicho hicho hicho wanachotumia wenzetu, ila wao wanakinunua.

Siku ya tisa jioni, mume wangu alipozima pikipiki getini, mkia ulitikisika. Mkia unaweza kutikisika wenyewe ukimgusa mbwa, daktari alikwishatuonya. Ila huu ulisikia pikipiki. Siku ya 13 mguu wa kushoto ulisukuma blanketi. Karatasi ya kwenye friji niliikuta imetolewa. Sikuitoa mimi, na mama alikuwa anajifanya anachambua mchele.

Baada ya hapo ikawa kazi ya taratibu, ya kuchosha, isiyo na hadithi nyingi. Kwa ruhusa ya daktari tulianza kumkunja na kumnyoosha miguu akiwa amelala, kama anaendesha baiskeli, dakika chache mara tatu kwa siku. Tukatandika mikeka juu ya vigae, kwa sababu sakafu inayoteleza ni adui. Wiki ya nne alisimama sekunde kadhaa akaanguka. Wiki ya tano alikojoa mwenyewe kwenye mwembe, nasi watu wazima watatu tukapiga makofi, jirani akachungulia. Wiki ya sita alitembea kutoka boksini hadi mlangoni, kitako kinakwenda upande wake na kichwa upande wake, lakini alifika. Mama alirudi Sumbawanga wiki hiyo hiyo. Kitenge alikiacha.

Hatujarudi tulipokuwa. Diski nyingine inaweza kupasuka wakati wowote, kwa hiyo Bosi haruki tena. Baraza lina kingo, na makochi yetu tuliyakata miguu, wageni wakikaa magoti yanafika kidevuni. Uzito tunaubana; ugali umepunguzwa, na anatuchukia kwa hilo. Mume wangu bado anambana tumbo kila jioni, eti kuhakikisha kibofu kiko sawa. Kuhusu lile swali la usiku wa nne, sijampa jibu. Naye hajaliuliza tena.

Mguu wa kulia unaburuzika kidogo, kwenye lami kucha zinalika hadi damu, kwa hiyo namvalisha soksi za watoto. Juzi sokoni muuzaji aliniuliza mtoto ana umri gani. Nikamwambia miaka saba. Akaziangalia zile soksi, akaniangalia mimi, akanipunguzia shilingi 500.