Muuguzi Aliyenyimwa Chumba

Mama mwenzangu, umewahi kudharauliwa kazini? Mimi nimewahi. Usiku mmoja ndugu wa mgonjwa alinikataa mbele ya wodi nzima, akidai aletewe "muuguzi wa maana". Asubuhi nilirudi nyumbani nimekata shauri kuacha kazi.

Ndipo nikakumbuka maisha ya Eddie Bernice Johnson, muuguzi mwenzetu aliyezaliwa Waco, Texas. Kwa sababu ya ubaguzi wa rangi, ilimbidi akasomee uuguzi mbali na kwao, katika jimbo la Indiana. Hospitali ya askari wastaafu mjini Dallas ilimwajiri bila kumwona. Alipofika na wakubwa wakaona ni mweusi, walimnyima chumba walichomwahidi. Hata wagonjwa walitangulia kuambiwa kwamba kazi anaiweza!

Hakuondoka. Alihudumia wagonjwa miaka 16, huku akimlea mwanawe. Mwaka 1972 wananchi walimchagua kuingia Bunge la Jimbo la Texas, na mwaka 1986 Seneti ya jimbo hilo. Kisha, kuanzia 1993 hadi 2023, alikuwa katika Bunge la Marekani, muuguzi wa kwanza aliyesajiliwa kuchaguliwa humo. Alifariki Desemba 31, 2023.

Jioni ile nilivaa sare yangu nikarudi wodini. Nilimgeuza mgonjwa yule, nikambadilishia shuka. Ndugu yake alinitazama, akanyamaza.

Mama, aliyekudharau asikuchagulie njia. Wapo wanaokuhitaji, wahudumie.