Barua Niliyoiandika Mimi

Mwaka 2009 nilikuwa karani wa utumishi katika kiwanda kimoja jijini Dar es Salaam. Asubuhi moja meneja aliniita, akaniagiza niandae barua ya kumwachisha kazi dada mmoja wa idara ya kufungasha bidhaa. "Andika kwamba tunapunguza wafanyakazi," alisema. Hatukuwa tunapunguza mtu. Dada yule alikuwa na mimba ya miezi sita, na wiki moja kabla ya hapo alikuwa ameniletea cheti cha daktari ili aombe likizo ya uzazi.

Niliandika. Nilikuwa na watoto watatu wa kusomesha, nikajiambia kwamba mkono ni wangu lakini neno si langu.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilikuwa kabatini mwangu. Nilijua kuwa kifungu cha 7 kinamkataza mwajiri kumbagua mfanyakazi kwa sababu ya jinsia, dini, kabila, ulemavu au ujauzito. Nilijua kuwa likizo ya uzazi ni siku 84 zenye malipo, au 100 mama akijifungua mapacha. Tena nilijua jambo ambalo wafanyakazi wengi hawalijui: kesi ya kuachishwa kazi ikifunguliwa, mwajiri ndiye atakiwaye kuthibitisha kwamba alimwachisha mtu huyo kwa haki.

Dada aliisoma barua mara mbili. "Kaka, sasa niende wapi?" akaniuliza.

Jibu nilikuwa nalo. Aende Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ndani ya siku 30. Badala yake nikamwambia, "Pole, dada, ndiyo mambo ya ofisi." Akakunja barua yake, akaondoka. Siku zile 30 nilizihesabu moja moja nikiwa mezani pangu. Hakuna wito wowote uliofika kiwandani.

Watu husema sheria zetu hazina meno. Ile ilikuwa nayo. Mimi ndiye niliyeifungia kabatini. Kazi ile nilikwisha kuiacha. Siku hizi mtu akinionyesha barua ya namna hiyo, humtajia kwanza Tume na siku 30, kisha ndipo humpa pole. Lakini deni la yule dada halijalipika, wala sijui nimlipie wapi.