Kasese haina bahari, ina mialo

Hamukungu na Kahendero ziko Ziwa George, magharibi mwa Uganda. Katwe na Kayanja ziko Ziwa Edward. Katunguru imekaa darajani kabisa, pale barabara kuu ya kwenda Mbarara inapovuka mfereji wa Kazinga unaoyaunganisha maziwa hayo mawili. Ukishuka kutoka Kasese mjini, milima ya Rwenzori iko upande wako wa kulia na joto linakuzidi kila kilomita, mpaka unapita ikweta, ambapo watalii husimamisha magari wapigwe picha mguu mmoja kaskazini, mmoja kusini. Baada ya hapo ni nyika, na ndani ya nyika ni vijiji vya wavuvi.

Vijiji hivyo vimo ndani ya hifadhi, lakini wavuvi hawakuivamia. Hifadhi ilitangazwa mwaka 1952, ikapewa jina la Malkia Elizabeth miaka miwili baadaye alipopita huku, na mipaka ikachorwa kuwazunguka watu waliokuwapo. Tangu hapo mtu wa Hamukungu akienda sokoni anapita makaoni mwa simba, na simba akitaka ng'ombe hana safari ndefu. Aprili 2018 simba 11, wanane kati yao wakiwa watoto, walikutwa wamekufa kwa sumu karibu na kijiji hicho. Dunia nzima ilisikia. Vilio vya wenye ng'ombe havikuwahi kufika mbali kiasi hicho.

Boti ya watalii nilipanda Mweya, kwenye mfereji wa Kazinga. Sitaidharau: kwa muda wa saa mbili hivi ukingoni nyati wanagaagaa matopeni, tembo wanateremka kunywa, na viboko ni wengi hata unaacha kuwaelekezea kidole. Karibu na pale mfereji unapoingia Ziwa Edward tukafika mkabala na kijiji. Mitumbwi ilikuwa imepangwa ufukweni, mwari na korongo wamesimama katikati yake wakingoja matumbo ya samaki. Nahodha akapunguza mwendo. Mwongozaji akasema hao ni wavuvi, hutoka jioni na kurudi alfajiri, kwa sauti ileile aliyotumia kueleza mamba. Kamera zikainuliwa, mvulana mmoja akatupungia mkono, boti ikageuza.

Hakuna aliyeshuka, hakuna aliyenunua hata samaki mmoja. Kweli, asilimia 20 ya kiingilio cha getini hurudishwa kwa jamii zinazopakana na hifadhi, na hurudi ikiwa darasa au zahanati. Ni msaada halali, sibishi. Ila mvuvi hauoni ukitoka mfukoni mwa mgeni, wala hauingii katika hesabu zake za siku.

Hesabu zake nilizisikia Katunguru, kwa mzee aliyekuwa akishona nyavu kivulini. Kila mwalo una idadi yake ya mitumbwi yenye leseni. Kijana anayetaka kuanza hangoji samaki, anangoja nafasi. Mwaka 2017 wanajeshi walianza kusimamia uvuvi katika maziwa ya Uganda, na nyavu zenye matundu madogo zikawa zinachomwa moto. Mzee hakuwalaumu kwa hilo. Alisema ngege, ambao Watanzania wanawaita sato, walikuwa wakimalizwa wangali wadogo. Alichokilalamikia ni kiboko. Mchana mgeni analipa kumwona, usiku anapindua mtumbwi. Nikamkumbusha kwamba kinyesi cha kiboko ndicho kinachoyarutubisha maji ya Ziwa George, ziwa lenye kina cha wastani wa mita mbili na nusu tu, ambalo maji yake ya kijani ndiyo malisho ya ngege. Akacheka, akasema hilo analijua, mimi niende nikamwambie kiboko.

Maji haya yana wenye haja wengi. Shaba ya Kilembe, iliyoletewa reli hadi Kasese mwaka 1956, iliacha marundo ya mabaki ambayo kwa miaka mingi mvua iliyasukuma kuelekea Ziwa George, lile lile lililoandikishwa mwaka 1988 kuwa ardhioevu ya kwanza ya Uganda kulindwa chini ya Mkataba wa Ramsar. Na upande wa Ziwa Edward kuna kitalu cha mafuta cha Ngaji, ambacho serikali ilikitangazia zabuni mwaka 2015. Samaki na mtalii wote wana sababu ya kukiogopa.

Katwe ni habari nyingine. Ziwa lake la chumvi limo ndani ya kreta, halina mto unaotoka, na wafalme waligombana kwa ajili yake: Kabalega wa Bunyoro alilishikilia mpaka Mwingereza Lugard alipofika mwaka 1891 na kujenga ngome. Baadaye sana Wajerumani nao walijenga kiwanda hapa. Chumvi ikayala mabomba, na magofu yake bado yapo, mekundu kwa kutu. Kazi imerudi kwa wenyewe. Wanaume wanasimama majini wakibomoa chumvi ya mawe, ile ya mifugo. Vidimbwi vya kandokando, vinavyotoa chumvi ya kula, wanavitunza zaidi wanawake. Maji hayo yanaunguza ngozi na kuingia kila penye jeraha, na mvua moja kubwa inaweza kufuta kazi ya wiki.

Anayekutembeza ni mtoto wa mji. Unamlipa yeye na wenzake, na kabla hujainua kamera anakuambia umwombe ruhusa mwenye kidimbwi. Ni jambo dogo, lakini Mweya sikuliona. Anajua kidimbwi kipi ni cha shangazi yake na kwa nini cha jirani kimegeuka chekundu. Ukitaka kujua utalii wa majini unaodumu unafananaje, anzia hapa, penye kazi ambayo ingeendelea hata mgeni asipokuja.

Maana mgeni huacha kuja. Mwaka 2020 korona ilipofunga viwanja vya ndege, boti zilikosa abiria huku malori ya mizigo yakiendelea kuvuka mpaka. Oktoba 2023 watalii wawili na mwongozaji wao waliuawa ndani ya hifadhi, na hofu ikatanda tena.

Nikarudi hadi njia panda ya Kikorongo, nikashika barabara ya Bwera kuelekea mpaka wa Kongo. Siku za soko la Mpondwe, Jumanne na Ijumaa, Wakongo huvuka daraja la mto Lhubiriha tangu asubuhi, na Kiswahili kinatawala kuliko Lukonzo na Kiingereza. Samaki wakavu wamerundikwa juu ya magunia, chumvi ya Katwe imemwagwa kwenye turubai. Nikamwuliza mama mmoja bei. Akanitazama, akatazama kamera yangu, akauliza, "Baba, unanunua ama unapiga picha?" Nikasema nanunua, kilo mbili. Akanipimia haraka haraka, maana nyuma yangu alikuwa amesimama mteja wake wa Kasindi, ng'ambo ya mpaka, na huyo alikuja na kijana wa mkokoteni kubeba magunia sita.