Dakika Kumi za Mfuko Mdogo

Nilistaafu mwezi Juni, na Septemba tukamzika Sista, muuguzi aliyenifundisha kazi. Ndiyo sababu naandika. Alichonifundisha hakimo katika daftari lolote la wodi, na mimi mwenyewe sasa nasahau majina ya watoto niliowalea.

Mimi ni wa Muheza. Baba alikata mkonge, mama aliuza machungwa sokoni. Nilisoma, nikafaulu, nikaenda chuo cha uuguzi. Nilipangiwa wodi ya watoto katika hospitali nisiyopenda kuitaja, na mwezi wa kwanza tu nikakutana na uvimbe wa taya, saratani ile ambayo daktari Denis Burkitt aliiandika mwaka 1958 akiwa Kampala. Mtoto analetwa jicho limesukumwa nje, meno yanalegea, uji unamshinda. Akianza dawa, siku chache tu uso unaanza kurudi. Sikuwahi kuzoea kuliona jambo hilo.

Mojawapo ya dawa hizo ni vinkristini. Inatoka kwenye ua la rangi ya waridi lenye asili ya Madagaska, lile linaloota hata kwenye mchanga wa pwani, ambalo mama yangu alilipanda mbele ya nyumba bila kujua lina nini ndani. Kichupa chake ni kidogo, kinakaa ndani ya friji mbali na mwanga. Kipimo kinahesabiwa kwa ukubwa wa mwili, kama miligramu 1.4 au 1.5 kwa kila mita ya mraba, nasi mara nyingi hatukuvuka miligramu 2 hata mgonjwa awe mkubwa namna gani. Dawa ndogo hivyo, lakini sijaogopa kitu kazini kama nilivyoiogopa hiyo.

Sista ndiye aliyenifundisha kuiogopa. Alikuwa Mpare, mfupi, hapandishi sauti. Alinikataza kutafuta mshipa kwenye kiwiko au penye kiungo chochote. Alitaka katikati ya mkono, na kanula iliyowekwa siku hiyohiyo. "Ya jana usiiamini, mwanangu." Kwanza uone damu ikirudi. Kisha maji ya chumvi, huku kidole chako kiko juu ya ngozi. Dawa ikifuata, kidole hakiondoki. Ikivujia nje ya mshipa inaunguza nyama, na nimeona kidonda kilichomfanya mtoto ashindwe kukunja mkono. Ikivuja, unasimamisha, unavuta kilichobaki kwa bomba kabla ya kung'oa kanula, halafu unakanda kwa kitambaa cha uvuguvugu. Siyo barafu. Barafu ni ya doksorubisini, ile dawa nyekundu. Ninyi vijana mnaosema "tunakanda tu", tafadhali: anayeweka barafu juu ya vinkristini anaongeza madhara kwenye mkono uleule anaotaka kuuokoa.

Lakini mshipa haukuwa hofu yake kubwa. Watoto hawa hupata pia dawa kwa sindano ya mgongo, ili saratani isijifiche kwenye ubongo. Vinkristini ikiingia huko, inaua. Maumivu huanzia miguuni, kupooza kunapanda, na mgonjwa hufa baada ya siku au wiki, huku wote mnajua kilichotokea. Makosa hayo yameandikwa na madaktari tangu 1968. Mwaka 2001 kijana wa miaka 18 alikufa hivyo Nottingham, Uingereza, katika nchi yenye wauguzi, mashine na taratibu tulizokuwa tukiziota.

Siku moja nilikaribia kuwa mmoja wa waliofanya kosa hilo. Alikuwa mtoto wa miaka sita, na zote mbili ziliandikwa siku ileile: vinkristini ya mshipani, saitarabini ya mgongoni. Nilivuta zote kwenye mabomba, nikaziweka kwenye trei moja, nikaipeleka chumba cha sindano za mgongo ili niokoe safari. Daktari alikuwa amevaa glavu tayari. Sista aliingia, akatazama trei, akachukua bomba moja akaondoka nalo bila neno. Jioni aliniita. Hakunifokea. Aliniambia nikae, akanimiminia chai, akaniuliza, "Ungemwambia nini mama yake?" Swali hilo sijalijibu mpaka leo.

Tangu hapo dawa hizo hazikuonana tena mikononi mwangu. Sindano ya mgongo ilikuwa na siku yake.

Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani likatoa tahadhari: vinkristini isiwekwe tena kwenye bomba, ichanganywe kwenye mfuko mdogo wa maji ya chumvi. Mfamasia aliileta karatasi, nikaisoma mara tatu. Nilielewa papo hapo. Mfuko wa mililita 50 hakuna anayeuchukua kwa bahati mbaya na kuupachika kwenye sindano ya mgongo. Ukubwa wake peke yake unaushtua mkono.

Daktari wetu alikataa. Sitamtaja, na wala hakuwa mtu mbaya. Watoto wengi wako hai kwa sababu yake. Alisema mishipa ya watoto hawa waliokonda ni kama uzi. Kwa bomba unamaliza kwa dakika moja, mkono wako uko hapo. Kwa mfuko ni dakika tano hadi kumi, muuguzi anaitwa kwingine, dawa inavuja na hakuna anayeona. Akasema tena kwamba rangi inatosha: methotreksati ya mgongoni ni ya manjano, vinkristini ni kama maji, anayezichanganya ni kipofu.

Nikamwambia saitarabini nayo ni kama maji. Alinyamaza, maana alikuwa amevaa glavu siku ile.

Kuhusu mishipa nilimpa haki yake. Lakini nilisema, na nasema tena: kidonda cha mkono nimekisafisha, nimekifunga, na mtoto amekwenda nacho nyumbani. Kwa mgongo hakuna dawa ya kugeuza. Basi muuguzi akae na mtoto dakika zote kumi, mfuko ushuke wenyewe bila mashine ya kusukuma, na damu ikaguliwe. Sista, aliyekuwa amebakiza mwaka mmoja, alikwenda kwa mfamasia akaomba vinkristini isitoke tena famasi ndani ya bomba. Mfamasia akakubali. Daktari hakunisemesha karibu miezi miwili.

Alikuja kwenye msiba wa Sista. Naye amestaafu, anatembea kwa mkongojo. Tulikaa kwenye mkeka mmoja chini ya mwembe, akanipa pole, nami nikampa pole, kwa kuwa Sista alimfundisha hata yeye. Kisha, wakati sahani za wali zinapita, akaniuliza kama bado wanatumia mifuko.

"Bado, Daktari."

"Na zile dakika kumi, nani anakaa na mtoto?"

Wiki ile nilikuwa nimepita wodini kumwona mjukuu wa jirani. Vitanda vilijaa, watoto wengine wamelala wawili wawili. Wauguzi wa zamu ya asubuhi niliwahesabu: walikuwa wawili. Nilimweleza hivyo, naye akaiweka sahani chini, tukakaa.