Jasho Mahali pa Damu

Kila kazi ya sanaa inayohamishwa kutoka chombo kimoja hadi kingine hulipa ushuru njiani. Utenzi uliotungwa ili ughaniwe, ukishachapwa kitabuni, hupoteza sauti ya mghani. Shairi linalofasiriwa hupoteza ama vina ama sehemu ya maana, na mfasiri ndiye anayeamua ni shehena ipi itoswe baharini ili jahazi lifike. Wapenzi wa ushairi wameyazoea mashauri haya. Aghalabu hawayatafuti katika michezo ya video, ambayo wengi huihesabu kuwa upuuzi wa watoto; ilhali huko nako kuna kisa cha mwaka 1993 kinachostahili kuzingatiwa na kila anayejali uaminifu wa nakala kwa asili yake.

Mchezo wenyewe ni Mortal Kombat. Ulitolewa mwaka 1992 na kampuni ya Midway ya Chicago, Marekani, na waasisi wake wakuu walikuwa Ed Boon, mwandishi wa programu, na John Tobias, mbunifu wa wahusika. Wakati ambapo michezo mingi ya mapigano ilijazwa vikaragosi vilivyochorwa kwa mkono, wao waliwapiga picha waigizaji wa kweli, kisha wakazitia picha hizo katika mashine. Mchezaji aliyetumbukiza sarafu aliona watu wenye nyama na ngozi wakipigana. Na ngumi ilipotua, damu iliruka. Mwisho wa pambano, mshindi aliyejua mfuatano wa siri wa vitufe aliweza kummaliza mshindwa kwa namna ya kutisha. Sub-Zero, mathalani, alimng'oa mwenziwe kichwa pamoja na uti wa mgongo. Mambo hayo hayakuwa urembo wa pembeni. Siri hizo ndizo zilizowakusanya vijana kuizunguka mashine, huyu akimtazama yule apate kujua vidole vyake vimepita wapi.

Jumatatu, tarehe 13 Septemba 1993, kampuni ya Acclaim iliuingiza mchezo huo majumbani. Mashine mbili zilizoshindana vikali zama zile, Super Nintendo na Sega Genesis, zilipata kila moja nakala yake, na kila nakala ilikuwa na mafundi wake. Super Nintendo iliweza kuonyesha rangi 256 kwa pamoja. Genesis ilikomea 64. Hivyo nakala ya Nintendo ndiyo iliyokuwa na sura iliyo karibu zaidi na ile ya ukumbini. Ngozi zilikuwa na uhai, mandhari yalikuwa na kina, na muziki ulikuwa na uzito. Aliyeitazama kwa mbali angeapa kuwa ni kitu kilekile.

Lakini ilipotua ngumi ya kwanza, kilichoruka hakikuwa damu. Nintendo, kampuni iliyojijengea jina la kuwa mlinzi wa familia, haikuiruhusu. Matone yakageuzwa rangi yakawa ya kijivu, yakahesabiwa kuwa jasho. Sub-Zero hakung'oa tena kichwa. Alimgandisha mwenziwe, kisha akamvunja vipande kama barafu. Raiden naye, badala ya kukipasua kichwa kwa radi, alimgeuza mshindwa kuwa majivu.

Nakala ya Genesis ilikuwa na ila za namna nyingine. Rangi zake zilipauka, sauti zake zilipungua, na kishikio cha kawaida cha mashine ile, chenye vitufe vitatu, kililazimika kubeba amri tano za mchezo. Damu nayo ilifichwa, ila ilifichwa penye ufunguo. Katika ukurasa wa kioo uliohutubia kanuni ya heshima ya wapiganaji, mchezaji alibonyeza A, B, A, C, A, B, B, na damu ikarejea. Herufi hizo zinaikumbusha Abacab, albamu ya mwaka 1981 ya bendi ya Genesis, ambayo jina lake lilitokana na mpangilio wa sehemu za wimbo. Mjuzi wa bahari za ushairi hatashangaa kuona kuwa mpangilio wa herufi unaweza kufungua mlango.

Basi msomaji na ajiulize: nakala ipi ilikuwa ya kweli? Mmoja alitunza vina na mizani, akaitupa maana. Mwingine aliivusha maana katika mstari uliokwaruza sikio. Wanunuzi walitoa hukumu yao, kwani nakala ya Genesis iliishinda ya Nintendo kwa mauzo. Ni rahisi kusema kuwa watoto wanapenda damu, na hapana shaka kuna ukweli ndani yake. Hata hivyo, jambo haliishii hapo.

Jasho humtoka mtenda. Damu humtoka mtendwa. Nakala ya Nintendo haikupunguza hata pigo moja. Ngumi zilikuwa zilezile, mateke yaleyale, na bado mtu mmoja alipaswa kubaki chini. Kilichofutwa ni ushahidi wa kuwa aliyepigwa ameumia. Ukatili ulibakishwa, gharama yake ikaoshwa. Na tena jasho lile lilimruka yule anayepigwa, kana kwamba kupigwa nako ni kazi aliyoajiriwa kuifanya. Kama nia ilikuwa kumlinda mtoto, ni vigumu kuona amelindwa na nini, anapofundishwa kuwa ngumi haiachi alama.

Ni haki pia kuwasikiliza wazazi. Tarehe 9 Desemba 1993, maseneta Joseph Lieberman na Herb Kohl waliiita michezo hii mbele ya kikao cha Seneti huko Washington. Nintendo ilijikinga kwa usafi wa nakala yake; Sega ilijikinga kwa alama ya umri iliyokuwa imebandikwa kwenye kasha. Kati ya ngao hizo mbili, ya pili ndiyo iliyodumu. Mwaka 1994 wenye viwanda waliunda bodi ya ESRB ya kupanga michezo kwa umri, na mwaka huohuo Mortal Kombat II ikatoka kwa Super Nintendo ikiwa na damu yake yote, pamoja na onyo juu ya kasha. Aliyetaka alinunua, asiyetaka aliacha, na kila mmoja alijua kilichomo.

Hapo ndipo kisa hiki kinapomgusa mwenye kuhamisha maneno. Mfasiri aliyeelemewa na mzigo ana ruhusa ya kuuacha ng'ambo, madhali atawaambia wanaomsubiri bandarini kuwa ameuacha na sababu yake. Asichoruhusiwa ni kujaza kitu kingine ndani ya gunia, kisha akalishusha gatini likiwa na chapa ileile.