Kosa Lililopiga Kama Moyo



Mwaka jana tulimgombeza kijana mmoja hapa madrasani. Alifungua kipaza sauti kibovu akitengeneze, akaunganisha waya vibaya, kikaungua. Tukamwambia asiguse tena chombo chochote. Ametii, nasi tunajuta.

Tunajuta kila tukimkumbuka Wilson Greatbatch, mhandisi wa umeme wa Marekani aliyezaliwa 1919. Miaka ya 1950, huko Buffalo, alikuwa akiunda chombo cha kurekodi sauti za moyo. Kwa bahati mbaya akaweka rezista isiyo yake, yaani kile kijipande cha kupunguza umeme. Chombo kikapiga, kikanyamaza sekunde moja, kikapiga tena. Akatambua kwamba moyo nao hupiga hivyo! Hakukitupa. Aliacha kazi, akachukua akiba yake ya dola 2,000, akajifungia bandani nyuma ya nyumba yake. Mwaka 1960 wagonjwa ambao mioyo yao ilizidi kwenda polepole waliwekewa chombo chake mwilini. Alifariki 2011, na watu wengi wameishi kwa sababu ya kosa lile.

Kijana wetu, unajijua. Kipaza sauti kingine kimeharibika. Bisibisi iko mezani petu. Njoo, tutakushikia taa.