Hewa ya Milimani na Injini ya Gari

Mwaka 2011 nilihamia Njombe kutoka Tanga, nikaja na gari la kazi. Tanga fundi alipima mgandamizo wa injini. Kila silinda ilitoa pauni 150. Njombe fundi mwingine akapata 120.

"Bwana Shamba, ringi zimekwisha. Tufungue injini."

Fedha iliyokuwapo ilikuwa ya mafuta ya kuwafikia wakulima wa viazi. Nikasita. Silinda zote nne zimeshuka sawasawa. Ringi zote zingekwishaje pamoja njiani?

Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Huko hewa ni nyepesi, pungufu kwa karibu sehemu moja ya tano. Silinda huvuta hewa kidogo, na kipimo nacho hushuka.

Hatukufungua injini. Wiki ile tulikwenda kwenye viazi.